Wenye Kurasa: Kuitambulisha Timu ya Tovuti ya Lugha 24

Walimu wangu, wahariri na wafasiri mliotoka Dar es Salaam, Nairobi, Unguja na Bujumbura. Ndugu zetu wa hapahapa Brussels mnaosengenyana kwa Kiswahili ndani ya tramu mkidhani hakuna anayewaelewa. Mabibi na mabwana, habari za asubuhi.

Nimepewa nafasi niwatambulishe wenzangu. Kwa desturi ya ofisi za huku, kazi hii hufanywa kwa slaidi zenye picha za watu wanaotabasamu. Slaidi sina. Wenyewe hawa hapa mbele yenu, wamekaa. Wameniomba jambo moja tu, nisiwataje majina. Kurasa wanazoandika hazina sahihi ya mtu, nao wanapenda iendelee hivyo. Basi nitawaita kwa lugha zao, kama mtaani kwetu mtu anavyoitwa Mama Chapati na jina lake la kuzaliwa likasahaulika.

Kabla sijamshika mmojammoja, niseme kwa ufupi kazi yenyewe: kuandika kurasa za tovuti ya Umoja wa Ulaya. Umoja wa Ulaya una nchi 27 na lugha rasmi 24. Zilianza nne, kwa Kanuni Na. 1 ya mwaka 1958: Kiholanzi, Kifaransa, Kijerumani na Kiitaliano. Mwaka 1973 zikaingia Kidenmaki na Kiingereza, 1981 Kigiriki, 1986 Kihispania na Kireno, 1995 Kifini na Kiswidi. Halafu tarehe 1 Mei 2004 zikaingia lugha tisa kwa mpigo, na wazee wa fani bado wanaisimulia siku ile. Zikafuata tatu mwaka 2007, na Kikroatia mwaka 2013. Ukihesabu njia za kutafsiri kutoka kila lugha kwenda kila nyingine, unapata 552. Tovuti ya Umoja, iitwayo Europa, ilipofunguliwa Februari 1995, kwa ajili ya mkutano wa mawaziri wa G7 uliofanyika mjini humu, lugha rasmi zilikuwa 11 tu.

Jambo hili lina mizizi ya kisheria. Mkataba unampa raia haki ya kuziandikia taasisi za Umoja kwa lugha yake rasmi na kujibiwa kwa lugha hiyohiyo. Ipo hata namba ya simu ya bure, 00 800 6 7 8 9 10 11; ukijua kuhesabu kuanzia sita umeshaikariri. Mkulima wa Estonia anapiga, anajibiwa Kiestonia. Sasa akiambiwa "maelezo zaidi yako kwenye tovuti", akafungua na kukuta Kiingereza kitupu, ile haki imeishia kwenye simu. Hata hivyo si kila ukurasa hutoka katika lugha zote 24. Kurasa nyingi za kitaalamu hubaki Kiingereza peke yake, au na Kifaransa na Kijerumani pembeni. Kuamua upi utoke kote na upi usitoke ndiyo nusu ya ugomvi wa ofisi yetu, na ugomvi huo ndio utakaowaonyesha watu hawa ni nani. Sisi hatuwaiti wafasiri. Tunawaita wahariri, na kila mmoja ana mamlaka ya kusema: ukurasa huu, kwa wasomaji wangu, haufai.

Naanza na kaka huyu mrefu wa kushoto. Ni mhariri wa Kiholanzi lakini si Mholanzi. Ni Mflemi, Mbelgiji wa Ghent. Tulipokuwa tunaandaa uchaguzi wa Bunge la Ulaya wa Juni 2024, tulikuwa na ukurasa ulioonekana mwepesi kuliko yote: unapiga kura lini na vipi. Mtu wa nje angesema andika Kiingereza, wape wafasiri, jioni nendeni nyumbani. Kaka huyu aliirudisha rasimu kabla ya chakula cha mchana. Kiholanzi, alisema, kinasomwa Uholanzi na kinasomwa Ubelgiji. Uholanzi wanapiga kura Alhamisi tarehe 6, umri ni miaka 18, na asiyetaka kwenda haulizwi. Ubelgiji ni Jumapili tarehe 9, vijana wa miaka 16 wanapiga, na kupiga kura ni wajibu kisheria. Hakuna sentensi moja ya Kiholanzi itakayowaambia ukweli wote wawili.

Alipofungua mlango huo wakaingia wengine. Mama yetu wa Kigiriki, huyu mwenye miwani, akasema Ugiriki anayepiga kura ni wa miaka 17 na kuendelea, Saiprasi ni 18. Mhariri wa Kiingereza akakumbusha kwamba Kiingereza ni lugha rasmi Ayalandi, wanaopiga Ijumaa wakiwa na miaka 18, na Malta, wanaopiga Jumamosi kuanzia miaka 16. Kifaransa kina nchi tatu, na katika mbili kati yake, Ubelgiji na Luxembourg, kura ni ya lazima. Mwestonia alisubiri wote wamalize, kisha akasema kwa upole kwamba kwao watu wanapiga kura kwa intaneti, kwa hiyo picha ya sanduku la kura pale juu iondolewe. Na Chekia, Ayalandi, Malta na Slovakia mwananchi aliye nje ya nchi hakuweza kupiga kura akiwa huko mwaka huo, ilhali rasimu ilikuwa na kifungu kizima cha kumtia moyo apige kura ubalozini.

Pakabaki swali la mwisho, na ndilo lililobadilisha kazi. Raia wa Ulaya anayeishi nchi nyingine ya Umoja anaweza kupiga kura huko anakoishi. Kwa hiyo yuko Mfini anayeishi Athens, na anachohitaji ni sheria za Ugiriki kwa Kifini. Basi ukurasa ukageuzwa kichwa chini: kwanza unachagua nchi, halafu lugha. Nchi 27 mara lugha 24 ni kurasa 648, kutoka kwa ukurasa mmoja tuliodhani utaisha jioni. Usiku wa matokeo nao ulikuwa na kioja chake: Waholanzi walipiga Alhamisi, lakini hesabu rasmi haikuruhusiwa kutoka hadi vituo vya mwisho vifungwe, vya Italia, saa tano usiku Jumapili. Tulikaa na kurasa tupu zenye vichwa vya habari katika lugha 24, tukinywa kahawa mbovu.

Ninyi hili mnalijua kabla sijalisema. Ukurasa wa Kiswahili wa jinsi ya kupiga kura utamwandikia nani? Mkenya hupiga Agosti. Mtanzania hupiga Oktoba, na Mzanzibari ana karatasi ya Rais wa Zanzibar pamoja na ile ya Muungano. Mkongo, mara mbili zilizopita, amepiga Desemba. Lugha moja, na kila mmoja atamlaumu mhariri aliyemsahau.

Dada anayefuata anahariri Kijerumani. Kwao ni Graz, Austria. Huyu ndiye adui wa bendera. Mmeona tovuti zinazoweka bendera ndogo ili uchague lugha? Kwetu ni marufuku, na ukimuuliza sababu atakuuliza yeye abonyeze ipi. Akibonyeza ya Ujerumani anajiona mgeni. Mbelgiji wa Kifaransa atabonyeza ya Ufaransa kwa shingo upande, na Msaiprasi ya Ugiriki. Badala yake lugha zinaorodheshwa kwa jina zinalojiita zenyewe. Na hata hapo pana siasa ya adabu: Kibulgaria hutangulia, kwa sababu jina lake kwa herufi za Kilatini linaanza na B, na Kihispania ni cha pili, kwa sababu katika mpangilio rasmi kinahesabiwa kwa jina *castellano* japo kwenye orodha kimeandikwa *español*. Mgeni hukitafuta kwenye E asikione. Sisi simu zetu hutupa bendera ya Tanzania au ya Kenya, na ndugu wa Lubumbashi ajitafute mwenyewe.

Dada huyuhuyu ana kesi nyingine na wabunifu wa kurasa. Kitufe kinachompeleka msomaji kwenye tamko la faragha, kwa Kijerumani ni neno moja lenye herufi 20: *Datenschutzerklärung*. Wabunifu huchora kitufe kwa Kiingereza, kinapendeza, halafu wanamletea. Siku hizi tumekubaliana waanze kuchora kwa Kijerumani na Kifini. Kinachowatosha hao kitawatosha wote.

Kaka wa Slovenia, simama wakuone. Huyu ni mhariri lakini pia ni mtu wa msimbo, na hapa niwaombe subira kidogo maana ndiyo sehemu ninayoipenda. Ukitafuta kitu kwenye tovuti, programu inakujibu umepata nyaraka ngapi. Aliyeiandika programu, mara nyingi, lugha yake ina umoja na wingi, basi. Akaweka matundu mawili, moja la namba 1 na moja la namba zote nyingine. Kislovenia kina matundu manne. Hati moja ni *dokument*. Mbili ni *dokumenta*. Tatu au nne ni *dokumenti*. Tano na kuendelea ni *dokumentov*. Ukifika 101 unarudi kwenye *dokument*, na 102 ni *dokumenta* tena. Kipoland kina mpango wake, Kilithuania chake, na Kiayalandi kina makundi matano.

Mtazameni anavyofanya kazi. Kabla ukurasa wa utafutaji haujaruhusiwa, anafungua daftari lake na kuingiza namba mojamoja: 0, 1, 2, 3, 5, 11, 21, 101, 102. Namba 21 ni ya kumnasa Mkroatia na Mlithuania, ambao 21 kwao inarudi kwenye umoja lakini 11 hairudi. Kila namba anaisoma kwa sauti, midomo ikicheza, katika kila lugha anayoiweza; asizoziweza anamwita mwenyewe. Wageni hudhani anasali. Sisi wa ngeli hatuna haja ya kuelezwa zaidi. Nani hapa hajawahi kuambiwa na simu yake kwamba "picha 1 zimetumwa"?

Sasa dada wa Kimalta, na hapa Waswahili tegeni masikio. Kati ya lugha zote 24, ya kwake peke yake ni ya jamii ya Kisemiti, ndugu wa Kiarabu aliyevaa herufi za Kilatini. Mkimwomba ahesabu kuanzia sita atawaambia *sitta, sebgħa, tmienja, disgħa*. Alhamisi yake ni *il-Ħamis* na Ijumaa yake *il-Ġimgħa*. Jana jioni, kwenye chakula, yeye na Mwalimu kutoka Unguja walimaliza siku zote za wiki wakaanza vyombo vya jikoni, na Mfini aliyekaa kati yao akahama meza.

Kazi yake ngumu iko kwenye kisanduku cha kutafutia. Kimalta kina ħ yenye mkato, ġ na ż na ċ zenye nukta, na mtu aliye barabarani na simu haviandiki vyote hivyo. Anaandika g na h za kawaida na kuendelea na safari yake. Tovuti isiyojua hivyo itamjibu kwamba hakuna kitu. Alipofika alituonyesha kwamba ukurasa unaweza kuwa umeandikwa kwa Kimalta safi na bado Mmalta asiufikie kwa Kimalta. Tangu hapo kila mhariri hupeleka orodha ya makosa ya haraka ambayo watu wake huyaandika kwenye simu, na mashine ya kutafuta inafundishwa kuyasamehe. Watu wa Malta ni takriban nusu milioni. Walipojiunga mwaka 2004 wafasiri wa kutosha hawakuwepo, na taasisi ziliruhusiwa kwa miaka mitatu kutotafsiri kila kitu.

Waayalandi walisubiri zaidi. Mzee wetu huyu, anayehariri Kiayalandi, ndiye mcheshi wa ofisi na ndiye mwenye historia ndefu. Lugha yake ilikuwa ya mikataba tangu 1973, ikapata hadhi ya lugha rasmi ya kazi mwaka 2007, lakini kwa ruhusa maalumu ya kutotafsiri nyaraka nyingi, kwa uhaba wa watu. Ruhusa ile ilipunguzwa kidogokidogo na ikaisha mwisho wa 2021. Miaka yote hiyo ilitumika kuwasomesha wafasiri, kutengeneza istilahi na kuziingiza kwenye IATE, hazina ya istilahi za Umoja wa Ulaya, ambayo nanyi mnaweza kuifungua bure, iko wazi kwa umma tangu 2007. Nalisema hili kwa ajili yenu hasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki imekwisha kukikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza na Kifaransa, na Umoja wa Afrika ulikipa hadhi ya lugha ya kazi Februari 2022. Mtaulizwa mbona nyaraka bado haziko kwa Kiswahili, na muulizaji atakuwa na haraka. Kaeni na mzee huyu wakati wa chai. Awaambie kazi ilianzia kwenye chumba kipi na kwa watu wangapi.

Mbulgaria wetu leo hayupo, ana mtoto mgonjwa, nitamsemea. Yeye na mama wa Kigiriki ndio wenye alfabeti zao. Alikuja na nchi yake mwaka 2007 akazikuta fonti za ofisi zote zikiwa na herufi za Kisirili za mtindo wa Kirusi, ilhali Wabulgaria wanazo wanazozichora kwa umbo lao. Kwa mwenzangu na mimi tofauti haionekani. Kwake ni sawa na kuandikiwa barua na mtu wa nchi nyingine. Mama naye ana kanuni yake: neno la Kigiriki likiandikwa lote kwa herufi kubwa, alama za mkazo zinadondoka, lakini programu nyingi huziacha palepale. Vichwa vya habari vya herufi kubwa alivifuta tovuti nzima, lugha zote, akamaliza kesi.

Yule wa mwisho kwenye mstari, mwenye vipokea sauti shingoni, ni Mpoland, na haoni. Ndiye mkaguzi wetu. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2016 inazitaka tovuti za umma zitumike na watu wenye ulemavu, lakini sheria haikukuambia ukurasa unasikikaje. Siku moja alinivalisha vile vipokea sauti na kunifungulia ukurasa wa Kipoland uliotoka kwa mkandarasi. Machoni ulikuwa kamili. Masikioni ulikuwa balaa: sauti ya Kimarekani ikisoma maneno ya Kipoland kwa matamshi ya Kiingereza, haraka, bila aibu, hata Mpoland mwenyewe hapati kitu. Chanzo ni herufi mbili ndani ya msimbo, zinazoiambia mashine ukurasa ni wa lugha gani. Palipotakiwa pl paliandikwa en. Alizibadilisha, akabonyeza, na sauti ikawa ya mama mmoja wa Kipoland anayesoma taratibu. Aliniambia kwamba kwa mtu kama yeye, herufi hizo mbili ndizo ukurasa. Kilichobaki ni mapambo.

Mhariri wa Kiingereza nimemtaja kwa kupita tu, na yeye ni wa Cork. Uingereza ilipoondoka tarehe 31 Januari 2020, wako waliodhani Kiingereza kitaondoka nayo. Hakikuondoka, na kazi yake imeongezeka: rasimu nyingi zinaandikwa Kiingereza na watu ambao si lugha yao, mimi nikiwemo. Miaka ya 1990 wafasiri wa Tume ya Ulaya walianzisha kampeni ya kupiga vita ukungu katika maandishi. Huyu anaiendeleza kwa kalamu nyekundu. Sentensi ikimpita katika hali ya giza, wenzake 23 watapapasa.

Kuna na mwenzetu asiye na kiti. Ni eTranslation, mashine ya kutafsiri ya Tume ya Ulaya, iliyoanza kazi Novemba 2017. Ililelewa kwa mamilioni ya sentensi zilizotafsiriwa na watu kwa miongo mingi, kwa hiyo kila ikifanya vizuri kuna mfasiri aliyestaafu anayestahili soda. Tunaitumia kupata maana ya barua ya raia kwa haraka, na kwa rasimu ndefu zilizonyooka inasaidia kweli. Vitufe, vichwa vya habari na menyu haipewi. Kitufe ni neno moja lisilo na jirani, na mashine bila majirani hubahatisha. Maoni yangu, ambayo Mslovenia anayapinga, ni kwamba itakuwa hivyo kwa muda mrefu.

Sasa nawaachia wenyewe. Chai iko nje saa nne na nusu. Wenye maswali ya uchaguzi mwoneni Mflemi; wa msimbo wakae na Mslovenia, na wachukue namba zake za majaribio, amezichapisha kwenye karatasi. Meza ya mkaguzi wetu ina kompyuta mbili zenye vipokea sauti. Amewaomba mlete anwani za tovuti zenu za Kiswahili, azifungue mkisikiliza. Ameshanionya kwamba kwenye kompyuta yake hakuna sauti ya Kiswahili iliyosakinishwa, kwa hiyo wa kwanza kufika ndiye atakayemsaidia kuitafuta.